Sifuri ya Mtukufu

Ilikuwepo, na wenyewe wanashikilia kwamba bado ipo, nchi moja ambayo haina haja ya kutajwa jina, kwani jina lake limeandikwa kwenye kila ukuta kwa herufi kubwa kuliko ukuta wenyewe. Watu wa nchi hiyo walijaliwa mengi. Walikuwa na amani, walikuwa na wimbo wa taifa usiokwisha beti, na walikuwa na kikohozi. Walikohoa asubuhi wakifungua maduka, wakakohoa mchana wakila, na siku ya Ijumaa imamu akitua kidogo kuvuta pumzi, msikiti mzima ulimjibu kwa kifua. Wageni waliotua uwanja wa ndege walidhani hiyo ndiyo salamu ya wenyeji, wakakohoa nao kwa adabu. Baada ya siku chache walikuwa wakikohoa bila adabu.

Serikali ilikuwa imekwisha kulieleza jambo hilo. Kikohozi, ilisema, huletwa na mbio za maendeleo, maana mtu akikimbia sana lazima aheme. Wananchi waliridhika, wakaendelea kukohoa kwa uzalendo. Magari nayo yakaendelea kupita, mengine yakitoa moshi mweusi, mengine wa buluu, na mengine yakitoa moshi mzito kiasi kwamba mwenye gari alilazimika kusubiri utawanyike ndipo ajue kama amefika.

Ndipo nchi rafiki za ng'ambo zikaleta zawadi ya vyombo vya kupima moshi wa magari. Wataalamu waliviita vihisi vya gesi. Wananchi, ambao hawapendi kusumbua ulimi, waliviita Pua.

Ndani ya kila Pua mlikuwa na kipande cha silikoni kabidi, kidogo kuliko punje ya ulezi. Silikoni kabidi si mgeni wa watu. Ni ndugu yake lile jiwe jeusi la kunolea visu buchani, na ndiyo hiyo hiyo iliyosagwa ikapakwa kwenye msasa wa seremala, ila hii ilikuwa imepikwa na kusafishwa mpaka ikapata akili. Sifa yake kubwa ni uvumilivu. Vihisi vingine ukivitia ndani ya ekzosi vinaharibika kwa joto kabla gari halijafika kona. Hiki hukaa humo humo, kwenye joto linaloshinda la tanuri la mikate, kikanusa na kutaja gesi zote zitokazo, bila kukohoa na bila upendeleo. Maneno hayo ya mwisho, "bila upendeleo," yalikuwa kwenye maelezo ya kiwandani. Wizara iliyafuta kwa wino mzito ili yasilete fujo.

* * *

Kuziongoza Pua hizo iliundwa Mamlaka ya Kunusa ya Taifa, na Mkurugenzi Mkuu wake akateuliwa Bwana Zahoro Kitwana. Alikuwa na sifa zote. Aliwahi kuongoza Shirika la Barafu mpaka likayeyuka, na Bodi ya Madaraja mpaka watu wakajua kuogelea. Alikuwa na shahada, alikuwa na suti tatu, na alijua kupiga makofi kwa namna ambayo huonekana kwenye televisheni. Kasoro yake ilikuwa moja, nayo aliificha kama mtu afichavyo soksi iliyotoboka: alikuwa hasikii harufu. Mafua ya utotoni yalikuwa yamekwenda nayo, hayakuirudisha.

Mkewe, Bi. Mashavu, ndiye pekee aliyeijua siri hiyo, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akimwambia kwamba maziwa yamechacha baada ya yeye kuyamaliza. Siku habari ya uteuzi iliposomwa redioni, alicheka mpaka akakalia gunia la mchele.

"Mkurugenzi wa Kunusa! Baba Siwema, si wangekupa ya Kuonja angalau? Ulimi unao."

"Uongozi hautaki pua, Mama Siwema," alisema Zahoro, akinyoosha tai. "Uongozi unataka kuona mbali."

"Na hiyo miwani je?"

Bi. Mashavu mwenyewe hakuwa mtu wa kuteuliwa. Alikuwa mpishi wa shughuli. Ukiwa na harusi, hitima au maulidi, ulimfuata yeye, naye alikuja na masufuria ambayo mtoto angeweza kujificha ndani yake. Kwa miaka mingi aliyabeba masufuria hayo kwa pikapu kuukuu iliyofuka moshi kama tanuri la chokaa, na moshi ule uliingia chini ya mifuniko ukakaa kwenye wali. Wenye midomo walisema pilau ya Mashavu haihitaji bizari, inahitaji dizeli tu. Neno hilo lilimchoma. Mwaka ule akauza pikapu, akauza na bangili zake, akanunua kigari kipya cheupe, chenye injini safi hata ukiweka leso nyeupe kwenye ekzosi yake inarudi nyeupe. Tangu siku hiyo pilau yake ilinukia pilau, na watu walianza kuoa kwa kufuata nafasi aliyonayo yeye.

Zahoro alikipenda kigari kile kwa sababu moja. Mkewe akifurahi, nyumbani hupikwa.

* * *

Pamoja na Pua alikuja mtaalamu wa kuzifunga, mama mmoja mrefu mwembamba aitwaye Sigrun, ambaye alijifunza Kiswahili kitabuni na kwa hiyo alikisema vizuri kuliko wenyeji. Alikutana na Zahoro na Waziri wa Hewa na Mambo Mepesi, Mheshimiwa Dokta Pazi Mwinyigogo, akawaeleza.

"Pua zote nchini zitaunganishwa na Pua Mama, hii hapa. Ukiiwasha, inavuta hewa. Hewa ya kwanza inayovuta ndiyo itakayoiita sifuri, na watoto wake wote watafuata sifuri hiyo. Kwa hiyo naomba jambo moja tu: iwasheni mahali penye hewa safi. Kilimani, kwa mfano, asubuhi."

"Vizuri sana," alisema Waziri. "Na ataiwasha nani?"

"Mtu yeyote."

Zahoro alitazama viatu vyake. Waziri alitazama picha iliyokuwa ukutani, kuona kama imesikia.

Mgeni hana kosa. Hakujua kwamba katika nchi ile hakuna kitu kinachoanza kufanya kazi kabla Mtukufu Kiongozi hajakizindua. Kisima kilichochimbwa kilifunikwa mpaka Mtukufu apate nafasi ya kunywa maji ya kwanza. Daraja lilikaa bila kuvukwa, watu wakipita chini yake kwa mitumbwi na kulisifu. Hata mvua za masika mwaka mmoja zilichelewa kuzinduliwa, zikanyesha hivyo hivyo kwa utovu wa nidhamu, na mafuriko yaliyofuata yalieleweka na kila mtu.

"Mama," Waziri alisema kwa upole, kama mtu anayezungumza na mgonjwa, "hewa safi tutaipata. Lakini kwanza itapatikana nafasi ya Mtukufu."

* * *

Uzinduzi ulifanyika Uwanja wa Mnara. Ngoma zilipigwa, shule zilifungwa, na watu waliletwa kwa malori ili waje kwa hiari yao.

Mtukufu alifika ndani ya gari lake refu jeusi. Gari hilo lilikuwa na historia. Tangu siku aliposhika madaraka injini yake ilikuwa haijazimwa hata mara moja, kwani wazee wa itifaki walisema Dola haizimiki. Lilitiwa mafuta likinguruma, lilioshwa likinguruma, na fundi aliyelitengeneza alilitengeneza likinguruma, ndiyo maana alikuwa na vidole pungufu na nishani mbili. Moshi wake haukuwa mweusi tena. Ulikuwa umepita weusi, ukafika mahali ambapo rangi hazina jina.

Mtukufu hakushuka, kwa sababu hewa ya nje haikuwa nzuri. Zahoro ndiye aliyebeba Pua Mama juu ya mto wa mahameli. Kwa kuwa Mtukufu alikaa kiti cha nyuma, Zahoro alisimama upande wa nyuma wa gari, kando ya ekzosi, moshi ukimpanda miguuni, kiunoni, mpaka kwenye tai. Kioo kikashuka kidogo. Mkono uliovaa glavu ukatoka, ukabonyeza kitufe, ukarudi ndani.

Pua Mama ikavuta pumzi yake ya kwanza duniani.

Kwenye ubao mkubwa wa taa, mbele ya umma, kukaandikwa: MTUKUFU: 0.

Waziri Mwinyigogo alikirukia kipaza sauti. "Ndugu wananchi! Leo historia imenusa! Mmeshuhudia kwa macho yenu, wale mnaoona! Chombo cha kisasa, kisichojua kuogopa, kimenusa gari la Mtukufu, na uchafu kilioukuta ni nini? Ni sifuri! Tangu leo hiyo ndiyo Sifuri ya Taifa. Na chombo chochote cha moto kitakachotofautiana na Sifuri hiyo, kitakuwa kimetofautiana na taifa!"

Umma ulishangilia. Waliokuwa karibu na ekzosi walishangilia wakiwa wamekaa chini.

Mama Sigrun alipenya mpaka kwa Zahoro, machozi yakimtoka. Haikujulikana ni ya moshi au ya sayansi.

"Bwana Mkurugenzi! Imechukua moshi kuwa ndiyo hewa safi! Lazima izimwe, iwashwe upya!"

"Mama," Zahoro alimnong'oneza huku akipiga makofi, "hapa si mahali pa sayansi. Hapa ni uzinduzi."

Jioni ile ile walimpa kanga mbili za heshima, wakamsindikiza uwanja wa ndege.

* * *

Pua zikafungwa kwenye makutano ya barabara, nazo zikaanza kazi kwa uaminifu ule ule zilioumbiwa. Lori la mkaa lililofuka hadi ndege wakahama lilisoma karibu na sifuri, dereva akapigiwa saluti. Lakini gari la zahanati, ambalo masista walilitunza kama mboni ya jicho, lilisoma hasi mia saba. Askari hawakuwahi kuona namba iliyosimama kichwa chini namna hiyo. Wakaulizia wizarani.

Wizara iliketi, ikapata jibu. Aliye chini ya sifuri katika uchafu maana yake amempita Mtukufu kwa usafi. Na kumpita Mtukufu kwa jambo lolote, hata usafi, ni kosa. Wakaliita Usafi Uliopindukia.

Kamatakamata ikaanza. Mwendesha baiskeli mmoja alinuswa kwa bahati mbaya, Pua ikasoma hasi ya kutisha, akawekwa ndani akidhaniwa ni kiongozi wa kundi. Magereji nayo yakapata kazi mpya. Mafundi waliandika milangoni, "Tunachafua Injini kwa Kiwango cha Taifa." Walimimina oili chafu kwenye tangi, wakaziba chujio kwa matambara, na mwenye gari alisimama pembeni akiuliza, "Bado, fundi? Mbona naona mbele?" Kikohozi kikaongezeka mpaka wimbo wa taifa ukawa hauwezi kuimbwa mfululizo.

Zahoro alikaa ofisini akisaini taarifa za mafanikio. Kila siku magari mengi zaidi yalikuwa yanaikaribia Sifuri. Hakusikia harufu yoyote, na madirisha yake yalikuwa yamefungwa. Alikuwa na raha.

Siku ya Alhamisi simu ikalia.

"Baba Siwema, pua zako zimenikamata."

"Pua zangu?"

"Kwani nchi hii yuko mwingine aliyetundika pua barabarani? Niko makutano ya Soko la Ndizi. Nina pilau ya harusi humu, bwana harusi ameshakaa, kadhi ameshakuja, na huyu kijana mwenye filimbi anasema gari langu ni safi mno."

"Limesoma ngapi?"

"Hasi mia tisa na kitu."

Zahoro alisimama. "Mia tisa! Mke wangu, huo ni kama uhaini!"

"Uhaini ni nyama ya mbuzi inayochacha juani. Njoo ulitoe gari."

"Nitalitoaje? Watasema Mkurugenzi anampendelea mkewe."

"Wasiposema hivyo, mkewe atasema Mkurugenzi na ale ofisini."

Simu ikakatika. Waliooana siku ile walikula tende na soda, na bibi yake bwana harusi akasema mbele ya watu wote kwamba Mashavu amekwisha.

* * *

Kigari cheupe kilipelekwa kwenye yadi ya Mamlaka, kikabandikwa kibao chekundu. Jumatatu kilikuwa kitiwe adabu: injini ikwaruzwe, chujio ling'olewe, ekzosi itobolewe, mpaka kifikie Sifuri ya Taifa. Zahoro mwenyewe ndiye aliyekuwa ametunga utaratibu huo, na aliwahi kuusifu kwenye redio.

Alirudi nyumbani akakuta sufuria zimepinduliwa chini juu, safu nzima, kama makaburi. Bi. Mashavu alikuwa amekaa kwenye kibao cha mbuzi, mikono mitupu, jambo ambalo Zahoro hakuwahi kuliona tangu amuoe.

"Mama Siwema, litarudi. Litakuwa linatoa moshi kidogo tu, wa kisheria."

"Gari likitoa moshi, pilau inakula moshi," alisema, bila kupaza sauti. "Pilau ikila moshi, mimi nimekwisha. Wewe ukifukuzwa pale watakupa shirika lingine uliue. Mimi nina jina moja tu, Zahoro. Nikilipoteza hawaniteui mahali."

Hakumwita Baba Siwema. Alimwita Zahoro. Akaondoka kwenda chumbani kwa dada yake aliyekuja kumliwaza, na Zahoro akala biskuti alizokuja nazo mfukoni.

Ijumaa alikwenda kwa Waziri, akasema kwa kuzunguka zunguka kwamba huenda, ikipendeza, ingefaa Pua Mama izimwe na kuwashwa upya mahali penye upepo.

Mwinyigogo alishika meza. "Ubadili Sifuri ya Mtukufu? Sifuri ya Taifa? Iliyotajwa kwenye hotuba yangu? Kitwana, umekunywa nini?"

"Biskuti tu, Mheshimiwa."

Akatoka amenywea. Alikuwa akitembea kwa miguu siku hizo, kwa sababu gari lake mwenyewe lilikuwa safi kidogo na alilificha kwenye banda la kuku. Alipofika Uwanja wa Mnara aliukuta ubao wa taa umesimama vile vile, na chini yake wanafunzi wa kike wametoka shule, wamekumbatia mabegi, wanacheka hata wanashikana wasianguke.

"Kasome tena pale juu, Mwanaisha! Mtukufu, sifuri!"

"Loo! Hata mimi Hesabu nilipata nne!"

"Na tena kila siku sifuri hiyo hiyo. Haendelei!"

"Mamake akijua atamfinya!"

Zahoro alisimama kama nguzo. Kwanza aligeuka nyuma, kwa mazoea, kuona nani mwingine amesikia. Kisha, taratibu, kitu kikamwangaza kichwani. Katika maisha yake yote ya utumishi hakuwa amejifunza barafu, wala madaraja, wala gesi. Lakini kuna elimu moja aliyokuwa nayo kamili, nayo ni elimu ya hofu: alijua inakaa wapi ndani ya mwili wa mkubwa, na namna ya kuigusa ikaamka. Akageuka, akarudi wizarani karibu akikimbia.

* * *

"Mheshimiwa," alisema, akifunga mlango nyuma yake, "nani aliamuru Mtukufu apewe sifuri?"

"Sifuri ni sifa!"

"Mwanao akirudi shuleni na sifuri, unamnunulia soda?"

Waziri alirudi kitini.

"Imeandikwa kwa taa nyekundu, Mheshimiwa, uwanjani. Jina lake, halafu nukta mbili, halafu sifuri. Na redio ilirusha sauti yako ukiitangaza. Ukaiita ya Taifa."

Uso wa Mwinyigogo ulikuwa na rangi ya jivu la kuni. "Nani mwingine amelitambua hili?"

"Watoto wa shule, Mheshimiwa. Hao ndio wataalamu wa sifuri."

"Tumekwisha."

"Tumekwisha Jumatatu, ofisi zikifunguliwa," Zahoro alisema. "Leo ni Ijumaa. Mtukufu anastahili namba gani?"

"Kubwa," alinong'ona Waziri. "Kubwa kuliko za watu wote."

"Basi ipo, anayo, imo kwenye ekzosi yake mwenyewe. Ila sifuri tuiweke mahali pengine, pasipo mtu."

Waliliwasilisha jambo kwa maneno yaliyonyooshwa kwa pasi: kwamba mashine ile ya kigeni, kwa ujinga wake, haikujua kuhesabu ukubwa, na inaomba kuzinduliwa kwa mara ya pili ipate kutubu. Mtukufu alikubali. Hakuna alilolipenda kama uzinduzi.

Lakini palikuwa na tatizo. Kifaa kilitaka hewa safi, kitufe kilimtaka Mtukufu, na Mtukufu haachani na gari. Wazee wa itifaki walikesha na jambo hilo, ndipo wakatoa uamuzi: kitufe kirefushwe. Jumapili asubuhi waya ulivutwa kutoka kileleni mwa Kilima cha Mbuzi mpaka Uwanja wa Mnara bondeni, ukaingizwa kwenye dirisha la gari. Zahoro alipanda peke yake na Pua Mama mikononi, suti ikishika miiba.

Kileleni hapakuwa na ngoma. Palikuwa na mbuzi wachache na upepo. Alipokuwa akingoja mkono wa Mtukufu upate nafasi, Zahoro aligundua jambo la ajabu: alikuwa amevuta pumzi, ikaingia, ikaendelea kuingia, bila kugonga kitu njiani. Akavuta nyingine. Hakusikia harufu, lakini alikisikia kifua chake, akashangaa kilivyo kikubwa na miaka yote hiyo alikuwa akikitumia nusu. Alitazama bondeni. Mji haukuonekana. Lilionekana blanketi la kijivu, na kikohozi kikipanda kutoka chini yake kama mngurumo wa soko.

"Masikini," alisema, na hakujua kama anawaambia watu wa mji au yeye mwenyewe.

Chini, glavu ilibonyeza. Juu, Pua Mama ikavuta. Sifuri.

Akaibeba, akashuka nayo mbio kabla mtu hajabadili mawazo, akaisogeza kwenye ekzosi ya gari refu jeusi. Ubao wa taa ulizimika, ukafikiri, ukawaka: MTUKUFU: 947.

Zahoro alifumba macho. Kisha Waziri Mwinyigogo, ambaye sasa alikuwa na nafsi yake ya kuokoa, akapiga kelele: "Mia tisa arobaini na saba! Mtukufu anaongoza kitaifa!"

Kioo cha gari kikashuka kidogo. Sauti nzito ikatoka. "Wa pili nani?"

"Lori la takataka la manispaa, Mtukufu. Lakini liko mbali sana nyuma yako."

"Nilijua," ilisema sauti, ikakohoa, na kioo kikapanda.

* * *

Jumatatu sheria ilisomwa upya. Sasa ilikuwa marufuku kwa chombo chochote kuikaribia namba ya Mtukufu. Mwenye gari atakayefika hata mia tatu ataulizwa ana nia gani na madaraka. Nchi nzima ikashikwa na kiherehere. Foleni kwenye magereji zikazunguka mitaa, mafundi wakafuta maandishi ya juzi, wakaandika, "Tunashusha." Wenye malori waliozoea kusema "fundi, niongezee", sasa walisema "fundi, nipunguzie, nina watoto." Chujio zikarudi. Oili ikabadilishwa. Mmiliki wa lori la takataka alilipeleka mwenyewe likafumuliwe injini, akaomba radhi kwa maandishi kwa kuwa wa pili.

Kigari cheupe kilitolewa yadi kabla fundi wa kutia adabu hajanywa chai. Kilisoma mbili. Jina la Bi. Mashavu likatokea kwenye ubao wa matokeo, chini kabisa, na Mamlaka ikamkabidhi cheti cha karipio: Wa Mwisho Kitaifa. Zahoro alimpelekea mwenyewe.

Bi. Mashavu alikisoma mara mbili. "Wa mwisho?"

"Samahani, Mama Siwema. Ndiyo namna pekee niliyo..."

"Nyamaza, Baba Siwema. Kaa ule."

Kesho yake alimwita mchoraji, akaandikisha ubavuni mwa kigari, kwa rangi ya kijani, kuanzia mlango mpaka taa za nyuma: WA MWISHO KITAIFA. Watu waliisoma, wakaelewa kwa sekunde moja. Nani asiyetaka pilau iliyobebwa na gari la mwisho? Shughuli zilimjia hata kutoka wilaya jirani. Yule bibi wa bwana harusi alikuja mwenyewe kuomba nafasi ya hitima yake, ingawa alikuwa mzima, ili asije akachelewa.

Ndipo likazuka jambo ambalo Wizara haikulitabiri. Watu walianza kugombania mkia. Masista wa zahanati walipata moja, wakamnyang'anya Mashavu mkia, naye akapeleka kigari chake kusafishwa plagi kwa hasira. Madereva waliamkia uwanjani kutazama nani ameanguka zaidi. "Wewe umefeli kwa ngapi?" waliulizana, na aliyefeli vizuri alinunua kahawa. Kikohozi kilipungua kidogo kidogo, mpaka siku moja imamu alitua kuvuta pumzi na msikiti ukawa kimya, akashtuka akadhani waumini wameondoka.

Mtukufu alipokuja kupokea kombe lake la ushindi, Zahoro ndiye aliyelipitisha dirishani. Pilau ilikuwa ya Bi. Mashavu. Umati ulikuwa mkubwa na wenye furaha, lakini ulikuwa umejipanga wote upande mmoja, mbali kidogo, kule upepo unakotoka.

"Kitwana," ilisema sauti ndani ya gari, ikikohoa, "wanashangilia sana watu hawa, na wote wameshindwa."

"Ni wanyenyekevu, Mtukufu."

"Na hakuna anayenikaribia?"

"Hakuna, Mtukufu. Kila siku wanazidi kukuachia nafasi."

Mtukufu alifuta kioo kwa glavu, akachungulia nje. Ilikuwa kweli. Kulia na kushoto, mbele na nyuma ya gari lake, uwanja ulikuwa mtupu kabisa, na wote ulikuwa wake.